Nusu ya lori ni maji: unga wa mbao unavyogeuka kuwa peleti

Barabara itokayo Mbale kuja Tororo hupita Mukuju kabla ya kuingia mjini. Mbao, mahindi na mchele unaotafuta soko la Kenya hupita hapo, na anayekaa kando ya barabara akahesabu malori atajua msimu gani umefika. Kinachobaki nyuma hakihesabiwi. Nyuma ya karakana za maseremala na mashine za kupasulia mbao, kuanzia Mbale hadi Malaba na Busia, kuna vichuguu vya unga wa mbao na maranda. Kwenye vinu vya mpunga kuna vilima vya pumba. Sehemu kubwa huchomwa polepole ili kupata nafasi, moshi ukatambaa siku nzima, na aliyeichoma huona amesafisha uwanja.

Unga huo ndio mali ghafi ya peleti, vijiti vifupi vya mbao iliyosagwa na kushindiliwa, vyenye unene wa milimita 6 au 8, vinavyotumika kama kuni au makaa. Wafugaji wa sungura na kuku wanalijua umbo lake, kwa kuwa linafanana na chakula cha mifugo cha vidonge. Hata mashine zinafanana. Zile za kwanza za kuni zilitokana na za chakula cha mifugo, na kiwanda kinachotajwa kuwa cha mwanzo kilijengwa Brownsville, jimbo la Oregon, Marekani, katika miaka ya 1970 wakati bei ya mafuta ilipokuwa imepanda vibaya. Leo Ulaya hutumia peleti kupasha nyumba joto, na kituo cha umeme cha Drax nchini Uingereza huzipokea kwa meli kutoka ng'ambo ya bahari.

Tororo hakuna baridi ya kupashia nyumba. Joto linalotafutwa huku ni la jikoni, la jiko la shule, la tanuri la mikate na la mitambo ya mvuke ya kukaushia chai. Viwanda vya chai vya Kenya, vile vya wakulima wadogo na vya makampuni, huchoma kuni nyingi mno kila mwaka. Hapo ndipo mfanyabiashara wa mpakani anapoingia.

Sababu nyingine inagusa mfuko moja kwa moja. Kwa miaka mingi biashara ya nishati ya jikoni kwenye mpaka huu imekuwa makaa. Februari 2018, mwezi uleule ambao marais Yoweri Museveni na Uhuru Kenyatta walizindua kituo cha huduma za pamoja mpakani Busia, Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii. Ilisemwa ni kwa siku 90. Marufuku ikaongezwa tena na tena, hadi ilipotangazwa kuondolewa mwaka 2023. Mei mwaka huohuo, Rais Museveni alitoa amri iliyopiga marufuku uchomaji wa makaa ya biashara kaskazini mwa Uganda. Mama anayepima makaa kwa debe hana haja ya kusoma amri za serikali, maana humfikia kwenye bei ya gunia na kwenye idadi ya vizuizi njiani. Akiwaza ataweka nini badala ya makaa, peleti ni mojawapo ya majibu. Lakini ina hesabu zake, na asiyezijua ataliwa.

Kinachonunuliwa ni nini hasa

Hesabu ya kwanza ni ya maji. Mti uliokatwa juzi una maji karibu nusu ya uzito wake. Unga unaotoka kwenye msumeno wa mti huo una maji kiasi hichohicho. Peleti nzuri haitakiwi kuzidi maji asilimia 10, na nyingi hutengenezwa zikiwa na asilimia 8 hivi.

Tuchukue tani moja ya unga mbichi wenye maji asilimia 50. Ndani yake kuna kilo 500 tu za mbao yenyewe. Ukiikausha mpaka ibaki na maji asilimia 8, utapata takriban kilo 540 za peleti. Zilizobaki zimepaa hewani, na kuzirusha kumegharimu moto. Kwa maneno mengine, ili kupata tani moja ya peleti zinahitajika tani 1.8 na zaidi kidogo za unga mbichi, na zaidi ya kilo 800 za maji lazima zitolewe. Aliyelipia lori la unga mbichi kwa uzito amelipia maji, amelipia dizeli ya kuyasafirisha, kisha atalipa tena kuyakausha.

Kwenye mashine za mbao, mnunuzi huuliza, "Mzee, unga huu ni wa lini?" Mwenye mashine hujibu kwa kujivuna: "Wa leo, mwanangu. Bado unanukia." Kwa anayetandika banda la kuku pengine ni sawa. Kwa mtengenezaji wa peleti, harufu hiyo ni onyo.

Tuseme unga mbichi unauzwa shilingi 100 za Uganda kwa kilo, na seremala wa samani, anayeranda mbao zilizokwisha kukauka, anauza maranda na unga wake kwa shilingi 160. Wa kwanza anaonekana rahisi. Lakini unga wa seremala ukiwa na maji asilimia 15, kilo moja na gramu 80 hivi hutosha kutoa kilo moja ya peleti, yaani shilingi 173. Unga mbichi utahitaji kilo 1.84, yaani shilingi 184, na bado haujakaushwa. Bei hizo ni za mfano tu. Kila mtu aweke za kwake, lakini hesabu haibadiliki.

Kupima maji hakuhitaji mtambo. Chukua gramu 100 za unga kwenye mizani ya duka, zikaushe kwenye sufuria juu ya moto mdogo bila kuziunguza, pima tena, rudia mpaka uzito usipungue. Zikibaki gramu 60, unga ulikuwa na maji asilimia 40. Mwenye haraka huufinya mkononi. Ukishikamana kama ugali, bado. Ukimwagika kama mchanga, unakaribia. Njia hii ya mkono inasaidia wakati wa kuchagua kichuguu, lakini si ya kukubaliana bei.

Jua la Tororo ni msaidizi mkubwa kati ya Desemba na Februari. Turubai jeusi, unga uliotandazwa kwa unene wa vidole viwili, kugeuzwa mara kadhaa kwa siku. Mvua za Machi hadi Mei zikianza, kazi hiyo inakuwa ya kukimbizana na mawingu. Ndiyo maana viwanda vya kweli huwa na pipa refu la chuma linalozunguka, hewa ya moto ikipita ndani yake, na tanuri la pipa hilo huchomewa maganda ya miti na mabaki yasiyofaa kwa peleti. Kiwanda kisicho na kikaushio kitafanya kazi nusu mwaka. Mteja mkubwa, kwa mfano shule ya bweni au kiwanda cha chai, hatakubali mkataba wa nusu mwaka.

Kutoka kichuguu hadi gunia

Kabla ya kukausha, unga huchekechwa. Vipande vikubwa, mawe, magome na misumari huondolewa, na sumaku huwekwa njiani kunasa chuma. Mchanga ndio adui asiyeonekana. Unga uliozolewa chini kwa sepetu hubeba udongo, na udongo huo hula chuma cha mashine kila saa inapozunguka. Wanaonunua kwa makini humpa mwenye mashine ya mbao magunia na turubai la kutandika chini ya msumeno, wakamlipa kidogo zaidi.

Yapo mabaki yasiyotakiwa kabisa. Mbao zilizopakwa rangi, mbao za kubandikwa kwa gundi, na nguzo zilizotiwa dawa ya mchwa. Dawa za baadhi ya nguzo hizo zina shaba, kromiamu na aseniki, na moshi wake haufai jikoni mwa mtu. Unga ukishachanganyika, jicho haliwezi kuutenganisha, hivyo swali huulizwa palepale ulipotoka.

Baada ya kukauka, unga hupita kwenye kinu cha nyundo, ndugu wa kile cha posho ambacho kila kituo cha biashara kinacho, ukatoka ukiwa na chembe zinazokaribiana ukubwa, milimita 4 hadi 6. Kisha unaingia kwenye mashine yenyewe.

Ndani yake kuna sahani nene ya chuma kigumu, au pete, iliyotobolewa matundu mengi. Juu ya matundu hayo rola nzito hupita zikiusukuma unga ndani. Msuguano huo mkali huzalisha joto, na unga hufika nyuzi 90 hadi 120 hivi bila moto wowote kuwashwa. Katika joto hilo, lignini, ile gundi ya asili inayoshikilia nyuzi za mti tangu ulipokuwa ukiota, hulainika. Unga hushikana, hutoka upande wa pili kama tambi, na kisu hukata vipande. Gundi ya kununua haihitajiki. Unga wa aina ngumu kushikana ukiongezewa kiasi kidogo cha wanga wa muhogo, asilimia moja au mbili, hukaa vizuri, na muhogo si kitu cha kutafuta mbali katika nchi ya Wateso.

Maji yakirudi kwenye hadithi, yanarudi hapa. Unga ukiwa na unyevu mwingi, mvuke hupasua peleti zikitoka, na zinakuwa laini kama keki. Ukikauka kupita kiasi, matundu huziba na rola hulia. Fundi aliyezoea hujua kwa sauti ya mota kabla hajaona kinachotoka.

Peleti hutoka zikiwa za moto na bado laini. Hupozwa kwa hewa hadi zigumu, huchekechwa tena, vumbi lililobaki hurudishwa mwanzo, kisha zinafungwa. Wanaoanza hukosea hapa mara nyingi. Peleti zikifungwa za moto hutoa jasho ndani ya gunia, na baada ya siku chache mteja hufungua akakuta unga alioukimbia.

Umeme wa kusaga na kushindilia tani moja huwa ni uniti 100 au zaidi. Kwa hiyo pahali pa kuweka mashine ni pale penye umeme wa laini tatu, si palipo na unga mwingi tu. Tororo ina historia na umeme. Njia kuu iliyopeleka umeme wa bwawa la Jinja hadi Nairobi tangu miaka ya 1950 ilipita hapo, kwa hiyo kuuza nishati kuvuka mpaka huu si jambo jipya.

Pumba za mpunga zinavutia kwa sababu nyingine: zinatoka kwenye kinu zikiwa kavu. Skimu ya mpunga ya Doho huko Butaleja, iliyojengwa kwa msaada wa Wachina kuanzia mwaka 1976, iko jirani. Ila pumba hubeba silika nyingi, kitu kilekile kilichomo kwenye mchanga, na hukwangua matundu ya mashine haraka. Zikichomwa huacha majivu mengi, kati ya asilimia 15 na 20 ya uzito wake, wakati mbao safi isiyo na magome huacha chini ya asilimia moja. Mpishi wa shule atakayezoa karai la majivu kila asubuhi atauliza amenunua nini. Maganda ya kahawa ya Mbale yako katikati, lakini yana washindani. Kiwanda cha saruji cha Hima, kule Kasese, kimekuwa kikichoma maganda ya kahawa, na mwenye kinu anajua thamani yake.

Makaa yanashinda wapi, yanashindwa wapi

Muuzaji wa peleti asidanganye mteja. Kilo kwa kilo, makaa yana joto zaidi. Kilo moja ya makaa mazuri ni sawa na kilo moja na robo tatu hivi ya peleti. Kilo mbili za peleti kavu zinakaribia lita moja ya dizeli.

Tofauti iko porini. Tanuri la udongo la kienyeji hula kilo sita hadi kumi za kuni ili kutoa kilo moja ya makaa, na joto lililobaki linapotelea kwenye moshi. Kuni zilezile zikigeuzwa peleti hutoa joto zaidi ya mara tatu ya lile linalofika sokoni kama makaa. Na kama ni unga ambao ungechomwa bure, hakuna mti mpya uliokatwa. Kwenye lori nako peleti zinafaa: unga mkavu uliomwagwa ndani ya bodi ni mwepesi na umejaa hewa, wakati mita ya ujazo ya peleti hubeba kilo 600 hadi 700, mara tatu ya unga au zaidi. Hakuna lumbesa kwenye peleti. Zinauzwa kwa kilo, na muuzaji aliyezoea kupandisha kilemba juu ya gunia itabidi azoee mizani.

Panapouma ni kwenye jiko. Peleti zikimwagwa kwenye jiko la makaa la kawaida hufuka moshi mpaka jirani agonge ukuta. Zinataka jiko lake, lenye feni ndogo ya betri, ambapo peleti huwashwa kutoka juu, hugeuka gesi, na gesi hiyo ndiyo huungua kwa mwali wa bluu unaokaribia ule wa gesi ya mtungi. Jiko hilo ni ghali kwa familia ya kawaida. Hapo biashara nyingi zimekwama.

Mfano unaofaa kusomwa ni wa Rwanda. Kampuni ya Inyenyeri, iliyokuwa Gisenyi kwenye mpaka na Kongo, iliwapa watu jiko bure kwa mkataba wa kununua peleti kila mwezi. Wa vijijini, wasio na fedha taslimu, walileta vijiti vya kuni wakabadilishana na peleti. Wapishi walizipenda. Wafadhili wa hewa ukaa walisifu. Lakini kuwanunulia majiko maelfu ya nyumba kabla hazijalipa hata gunia la kwanza kunataka mtaji mkubwa na wa subira, na mwaka 2020 kampuni ilisimama. Uganda yenyewe, Kampala Jellitone Suppliers ilikwenda njia nyingine. Ilishindilia maganda na unga wa mbao kuwa vipande vikubwa, briketi, ikauzia shule, hospitali na viwanda vyenye jiko kubwa moja badala ya nyumba elfu moja, na mwaka 2009 ikapata tuzo ya Ashden ya Uingereza.

Kwa mfanyabiashara wa Busia au Malaba mwenye mtaji wa lori moja, njia ya pili inaeleweka zaidi. Shule ya bweni ni mteja mmoja, mlango mmoja wa kushushia, na malipo ya muhula. Jiko lake hurekebishwa mara moja.

Karatasi za mpakani

Afisa wa forodha akifungua turubai akaona mzigo mweusi au wa kahawia kwenye magunia, wazo la kwanza litakuwa makaa. Kwenye orodha ya ushuru, makaa ni namba 4402. Peleti za mbao zina namba yake, 4401.31. Peleti za pumba za mpunga haziko kwenye sura ya mbao kabisa, ni 1213, pamoja na majani na makapi ya nafaka. Namba iandikwe sahihi tangu kwenye ankara, si kubishaniwa getini lori likiwa limezuia foleni.

Bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya, na thamani ya mzigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, inaweza kupita kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa hapohapo mpakani, bila kusafiri hadi mji mkuu. Wadogo wengi hawakiombi, na wanalipa wasichopaswa kulipa. Mazao ya mimea huangaliwa pia na wakaguzi wa afya ya mimea, KEPHIS upande wa Kenya na Wizara ya Kilimo upande wa Uganda. Ni vizuri kuwauliza kabla ya kupakia, kwa maana mzigo ukishalala mpakani siku tatu kwenye mvua, hauna tena thamani ya kubishania.

Mnunuzi naye ana vipimo vyake vya bure. Chukua glasi ya maji, tumbukiza peleti. Iliyoshindiliwa vizuri huzama. Inayoelea ilitoka kwenye mashine iliyochoka. Tazama ngozi yake: iwe laini na inayong'aa kidogo, isiwe na nyufa za kukatikia. Kisha ingiza mkono chini kabisa ya gunia, huko ndiko vumbi hukimbilia. Konzi iliyojaa unga ni sababu ya kushusha bei au kuondoka.

Stoo iwe kavu na magunia yawe juu ya mbao, yasiguse sakafu wala ukuta, kwa kuwa peleti ikipata maji hurudi kuwa unga kwa dakika chache. Na iwe na madirisha. Peleti nyingi zikiwekwa kwenye chumba kilichofungwa hutoa polepole hewa ya kaboni monoksaidi, ileile inayoua watu waliolala na jiko la makaa ndani, na haina harufu. Katika maghala na meli za Ulaya wamekufa watu walioingia kwenye shehena bila kupitisha hewa kwanza. Kijana anayelinda mzigo usiku alale nje ya stoo, au kwenye gari.